Jina Alilolitaja Esnath

Ukitokea Uyole kwenda mjini, kabla hujaimaliza Ilomba, kuna kibanda cha kuziba pancha kilichopakwa rangi ya buluu, na mbele yake bodi la lori limelazwa juu ya mawe. Hicho ndicho Kijiwe cha Bodi. Julai ikiingia na baridi ya Mbeya ikianza kung'ata masikio, bodi lile halikosi watu, maana mzee Bushiri huweka jiko lake la kahawa upande unakotoka upepo, na joto pamoja na moshi huwapitia wote waliokaa bila upendeleo. Kahawa yake ni chungu, kashata yake ni ngumu, na maneno ya pale ni bure. Mtu akifika na jambo dogo huondoka nalo likiwa kubwa. Akifika na jambo kubwa, afadhali angebaki nalo nyumbani.

Siku hiyo Jofrey alifika mchana, akiwa na koti lile lile alilokuwa amelala nalo. Pale kijiweni walimwita Miche, kwa kuwa alikuwa na kitalu cha miche ya parachichi kule Iyunga, kando ya barabara kuu, na haikuwahi kutokea siku akafika bila udongo kwenye kucha. Leo kucha zilikuwa nyeupe, zimesuguliwa kwa sabuni ya hospitali. Hakuna aliyeziangalia.

— Baba mtu huyooo! alipiga kelele Saulo, fundi wa pikipiki, ambaye wenzake walimwita Injini kwa sababu akishawaka hazimiki. — Hongera kaka! Tumepata mchumba au tumepata beki?

— Wa kike.

— Na shemeji?

— Wazima, alisema Jofrey. — Wazima wote.

Ndivyo watu wanavyojibu. Ukiulizwa habari za nyumbani unasema nzuri, halafu ndipo unaeleza kwamba paa limeezuliwa. Ila Jofrey alisema wazima akaishia hapo. Hakuwaambia kwamba mtoto alizaliwa njiti, hata miezi yake haijatimia, na kwamba alikuwa amelazwa kwenye chumba cha joto na mrija puani. Hakuwaambia kwamba Esnath alipasuliwa akatokwa na damu nyingi, na kwamba tangu Ijumaa alikuwa chumba cha mahututi, mashine inampumulia, hajasema neno. Na kubwa kuliko yote, hakuwaambia kwamba asubuhi ile nesi alimfuata mpaka mlangoni akamwambia:

— Baba, saa kumi usikose. Daktari anataka kuongea na wewe.

Maneno hayo Jofrey alishawahi kuyasikia mara moja, kule Iringa, alipokuwa kijana. Siku ile baba yake hakurudi Kilolo kwa miguu yake. Basi alipotoka hospitali alimpigia mama yake simu, akamweleza, kisha akaizima simu akaitia mfukoni, akatembea ovyo mpaka miguu ikamleta penye bodi.

Kulikuwa na kitu kingine alichokibeba. Ijumaa ile, kitanda kikisukumwa kwenye korido kuelekea chumba cha upasuaji, Esnath alimkamata mkono wa koti, akamvuta, akamwambia, "Akiwa wa kike, aitwe Selelia." Kisha mlango ukafungwa. Jina hilo hawakuwahi kulizungumza hata siku moja. Walikwisha kubaliana kwamba mtoto wa kike ataitwa Tupokigwe, jina la mama yake Esnath. Limetoka wapi hili? Jofrey hakulijua. Alichojua ni kwamba kama Esnath hatafungua macho tena, basi lile ndilo neno lake la mwisho, na duniani kote limebaki kwenye sikio moja tu. Tangu siku ile alikuwa akilirudia moyoni, akila, akinawa, akivuka barabara, kama mtu aliyetumwa dukani akiwa mtoto, anaogopa kusahau alichoagizwa.

Akaona bora awaulize. Walau wawili wakilijua, halitakuwa peke yake.

— Jamani, mnalijua jina la Selelia?

— Se-nani?

— Selelia.

Liberatus aliweka kikombe chini. Huyu walimwita Padri, maana alikaa seminari mwaka mmoja kabla Kilatini hakijamtoa mbio, na tangu hapo mambo yote ya mbinguni yalipitia kwake.

— Hilo ni Sesilia, alisema. — Mtakatifu kabisa. Wewe Mnyalu wa Iringa umesikia vibaya.

— Sesilia nalijua, Padri. Shangazi yangu Sesilia. Hili lina "le" hapa katikati.

— Basi Sirilia. 

— Siyo Sirilia.

— Ndugu yangu, watakatifu ninao kichwani kama sala ya Baba Yetu. Selelia hayupo. Na jina lisilo na mtakatifu halina mwombezi. Mtoto akipata homa, unamwomba nani?

Jofrey akashika kikombe kwa mikono yote miwili. Homa. Asubuhi nesi alikuwa akimpima mtoto joto, akatikisa kichwa.

— Nani kampa hilo jina? aliuliza mzee Bushiri, akimimina.

— Mama yake. Alilitaja Ijumaa, akipelekwa kupasuliwa.

— Na mama yake ni mtu wa wapi?

— Tukuyu.

— Ahaa! Saulo akapiga paja. — Kumbe! Mnyakyusa! Jamani, Mnyakyusa na "r" ni maji na mafuta. Yule bosi wangu wa zamani alikuwa akiniambia, "Saulo, pita balabala ile, halafu unipe habali." Kaka, hilo jina ni Serelia. "R" imeliwa.

— Inaweza kuwa, alisema Jofrey. Hilo ndilo lililokuwa likimsumbua.

— Sasa "r" iko wapi? Ya kwanza au ya pili? Serelia? Seleria? Sereria?

— Sijui.

— Si umuulize tu akutamkie vizuri.

— Ataitamkaje, wewe? alidakia Padri. — Na huyu naye Mhehe. Nyumba nzima haina "r"! Hata wakiibiwa hawawezi kusema "redio".

Wakacheka. Jofrey naye akacheka, midomo tu. Rabson, dereva wa bajaji, alikuwa ameegesha pembeni, miguu nje, simu mkononi. Yeye jina lake la kijiweni ni Mtandao.

— Ngojeni, mambo ya kubishana kama wazee ya nini, alisema. — Dunia iko hapa. Taja herufi, Miche.

— S, e, l, e...

— Hakuna. Nimeweka "r". Hakuna. Nimeanza na "c"... Hii hapa! Aa, inaniletea uji wa watoto. 

— Uji?

— Uji wa nafaka, wa kopo. Ngoja, kuna tovuti ya majina hapa. Wameandika, sijui Serelia, sijui Selelya... "Jina adimu sana." Hakuna hata nyota. Majina mengine yana nyota tano. Kaka, dunia nzima wenye jina hili hawajazi kosta.

— Hilo ndilo zuri! alisema Saulo. — Adimu ndiyo dili. Ila nakwambia, ukiliweka tu Ilomba hapa, mwaka kesho limekwisha. Wataiga. Utakwenda kliniki, nesi anaita Selelia, wanainuka kina mama kumi na wawili, sindano ya mwanao anachomwa wa jirani.

— Na lisiposambaa? alisema Padri. — Mtoto atakuwa peke yake na jina lake. Shuleni mwalimu wa kwanza anamwita hivi, wa pili anamwita vile, mwisho wanamwita "wewe wa dirishani". Haba na haba hujaza kibaba, Miche. Mpe majina mawili mafupi.

— Hiyo methali inahusikaje?

— Inahusika. Haba moja, haba ya pili.

Mzee Bushiri alikuwa akitikisa kichwa tangu mazungumzo yale yalipoanza. Babu yake alipanda huku kutoka Tanga na biashara ya nguo, na ingawa yeye mwenyewe alizaliwa Mbeya na baridi yake, aliamini ulimi wake haukupanda mlima.

— Mnalitafuna jina la watu, alisema. — Hilo ni Sahlia. Kwa ha ya kifuani. Sah-lia. Maana yake wepesi, jambo lililorahisishwa. Mwanamke yuko kwenye uchungu, anaomba wepesi. Hamuoni? Sema, Jofrey. Sah...

— Sah...

— Siyo hapo kooni. Chini. Kama mtu anayepuliza kioo.

— Sahlia.

— Naam! Ndilo alilosema?

Jofrey alifumba macho. Akairudisha ile korido, magurudumu yakipiga kelele, taa zikipita juu ya uso wa Esnath. Akaviona vidole vyake kwenye koti. Akaiona midomo ikifunguka. Ila sauti iliyotoka ilikuwa ya mzee Bushiri. Akajaribu tena, ikatoka sauti ya Saulo na "r" yake ikinguruma kama pikipiki. Akalirudia kimya kimya, Selelia, Selelia, lakini sasa halikuwa na uzito; lilikuwa kama kila jina lingine lililomwagwa pale mbele ya jiko, na yeye hakuweza kuapa kwamba hilo ndilo alilolisikia na siyo alilolizoea kwa kulirudia.

— Sina hakika, alisema.

— Unaona sasa! Rabson akacheka. — Jina la mwanao mwenyewe huna hakika nalo.

— Acheni, Jofrey akasema. — Tuache tu. Ongeeni mpira.

Lakini kijiwe hakiachi. Mtu akileta mfupa, mfupa huo ni wa wote.

— Mimi naona ni tamthilia, alisema Saulo. — Shemeji anaangalia zile za Wafilipino? Kuna mmoja mle, yule aliyemwagiwa tindikali kisha akarudi na sura nyingine...

— Haangalii. Hatuna king'amuzi.

— Basi ni dawa.

— Dawa gani?

— Ya usingizi! Ile wanayodungwa kabla ya kupasuliwa. Mimi mdogo wangu alipokatwa kidole tumbo aliimba wimbo wa taifa mpaka mwisho, tena beti zote. Mtu akiwa na ile dawa anasema chochote. Labda alikuwa anasoma jina la dawa kwenye chupa! Selelia, miligramu mia tano.

Rabson na Padri walicheka mpaka kahawa ikamwagika. Hilo Jofrey hakuwa amelifikiri. Kwamba pengine hakuachiwa jina. Kwamba neno alilolibeba kama yai tangu Ijumaa halikuwa neno.

— Hakuwa amedungwa bado, alisema.

— Una hakika?

Hakuwa na hakika hata na hilo.

Kutoka msikitini ng'ambo ya barabara adhana ya alasiri ikaanza. Mzee Bushiri akafunika birika, akasema, "Msiniguse jiko," akachukua mkeka wake akaenda nyuma ya kibanda. Jofrey alijua maana ya adhana ile. Saa kumi ndiyo hiyo. Sasa hivi nesi anachungulia kwenye benchi la nje, anaita, "Baba wa mtoto wa Esnath!" Na daktari amekaa, ameliandaa lile la kusema. Kama hataenda, halitasemwa. Lisiposemwa, Esnath bado amelala tu. Alijua kwamba hiyo si akili. Miguu ilijua pia, lakini haikuinuka.

— Unatazama nini barabarani? Padri akamuuliza. — Kuna mtu unamngoja?

— Hapana.

— Miche, sikia, alisema Saulo, akasogea karibu na kuteremsha sauti. Mzee akishaondoka, Saulo ndipo huongeza moto. — Ushauri wangu wa kiume. Shemeji hayuko hapa. Wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo. Wewe weka jina lako tu.

Jofrey alimtazama.

— Umesemaje?

— Asiyekuwepo na lake halipo. Si methali tu, kaka. Mbona unanitolea macho?

— Usiseme tena hivyo.

— Haya, haya, basi. Ila kuna jambo jingine sijalisema, nilikuwa namwogopa mzee. Saulo akatazama nyuma ya kibanda. — Bibi yangu alikuwa akisema, mtu akiwa pale katikati, huku hayupo na kule hayupo, akataja jina ambalo hakuna anayelijua, siyo kwamba anampa mtu jina. Anamwitikia mtu. Kuna aliyemjia. Hilo jina ni la huyo aliyemjia kumchukua.

— Aah, Injini, umezidi, alisema Padri, lakini hakucheka.

— Ni bibi, siyo mimi! Na huyo shemeji si mzima? Mzima! Basi tunaongea hadithi tu.

Kikombe cha Jofrey kiligonga bodi. Hakukitupa, kilimtoka. Akakitazama kikibiringika mpaka kwenye vumbi. Rabson alianza kusema kitu akanyamaza, maana uso wa Miche ulikuwa umebadilika rangi, na kwa mara ya kwanza mchana ule mtu mmoja pale kijiweni alimwangalia sawasawa.

— Kaka, uko poa?

Kabla hajajibu, basi la kutoka Iringa lilisimama ng'ambo ya barabara. Akashuka mama mmoja mfupi, kitenge kimefungwa juu ya sweta, kikapu mkononi, akasimama kando ya lami akigeuza kichwa huku na huku. Alipokiona kibanda cha buluu alivuka bila kungoja magari yapite vizuri. Alikuwa Tekla, mama yake Jofrey, aliyeacha viazi vyake Kilolo bila kuviingiza ndani, akapanda gari baada tu ya simu ya asubuhi. Njia nzima alimpigia mwanawe, simu haikupatikana. Akashukia mahali pekee ambapo Jofrey aliwahi kumwelekeza, "Mama, ukinikosa nyumbani, uliza kwenye bodi."

— Kamweneee, alisalimu kwa Kihehe, bado anahema.

— Shikamoo mama, wakaitikia wote, wakasogea kumpa nafasi.

Hakukaa. Alimtazama mwanawe, akatazama vikombe, akamtazama tena.

— Jofrey. Daktari kasemaje?

Saulo alimtazama Padri, Padri akamtazama Rabson. Mzee Bushiri, aliyekuwa akirudi na mkeka wake umekunjwa kwapani, alisimama hapo hapo alipofika.

— Daktari gani, mama? aliuliza Saulo, sauti imekuwa ndogo.

— Yule aliyemwita saa kumi. Kwa ajili ya mkewe. Mke hajaamka tangu Ijumaa, na mtoto yuko kwenye mashine. Tekla akawatazama mmoja mmoja. — Hamkujua?

Maji yalichemka kwenye birika, kifuniko kikawa kinacheza. Hakuna aliyekwenda kukitoa.

— Sijaenda, mama, alisema Jofrey.

— Hujaenda?

— Nilikuwa nakwenda. Halafu... Akaokota kikombe chake vumbini. — Naogopa.

Watu walidhani atagombezwa. Tekla alihamisha kikapu kwenda mkono wa pili, akamshika kiwiko.

— Hata mimi naogopa, alisema. — Nimeogopa tangu Iringa mpaka hapa. Simama, tukaogopee huko huko.

Rabson alikuwa ameshawasha bajaji. Hakuuliza wanakwenda wapi. Walipoingia, Saulo aliwafuata akikimbia pembeni, mikono imejaa grisi, akashika chuma cha bajaji.

— Miche, yale ya bibi... nilikuwa naropoka. Bibi yangu mwenyewe alikuwa muongo. Kaka, sikujua.

— Ungejuaje, na mimi nilisema wazima, Jofrey akamjibu.

Njiani Jofrey alikuwa akilitafuta lile jina. Serelia, Sirilia, Sahlia, Seleria. Yote yalikuwa sawasawa, kama milango ya nyumba za kupanga.

Nesi aliwaona tangu mlangoni.

— Wewe baba! Tumekupigia mpaka tumechoka. Pita, pita haraka.

Haraka. Jofrey akapita na neno hilo mpaka ndani. Daktari alikuwa mwanamke kijana, sweta chini ya koti jeupe, macho mekundu kwa kukosa usingizi. Akamwonyesha kiti. Jofrey akasema atasimama tu.

— Mkeo tumemtoa kwenye mashine tangu mchana, alisema. — Anapumua mwenyewe. Amefungua macho, akalala tena. Bado hana nguvu, na hataongea leo, koo limechubuka. Lakini amevuka.

Jofrey alisikia kila neno, ila hayakuingia kwa mpangilio. Nyuma yake mama yake alisema kitu kwa Kihehe, taratibu, akaegemea ukuta.

— Mimi nilikuita kwa ajili ya mtoto, daktari akaendelea. — Joto lake linashuka. Kile chumba hakimtoshi, anahitaji ngozi ya mtu, kifua kwa kifua, kutwa na usiku. Mama yake hawezi kumbeba sasa. Nilitaka kukuuliza kama utakubali kumbeba wewe. Kina baba wengine wanaona aibu. Ungekuja saa kumi tungekuwa tumeshaanza.

Jofrey alikuwa ameshafungua vifungo vya koti kwa haraka hata kimoja kikang'oka.

Walimkalisha kwenye kiti cha kuegemea, karibu na dirisha. Nesi akamleta mtoto na kofia yake tu na nepi, akamlaza juu ya kifua chake, mbavu juu ya mbavu, akamgeuza kichwa pembeni apate hewa. Tekla akavua kitenge chake mwenyewe, akamfunga mwanawe na mjukuu wake pamoja, akakaza fundo ubavuni. Mtoto alikuwa mwepesi mno. Jofrey aliogopa kupumua asije akamdondosha. Alihisi miguu ya mtoto, baridi kama vijiko, ikigusa tumbo lake. Kisha akahisi moyo wake, unakwenda mbio kuliko wa kwake, na wa kwake ulikuwa unakwenda mbio.

— Mwongeleshe, alisema nesi. — Anasikia.

Jofrey alifungua mdomo kumwita. Likaja moja, likaja jingine, hakuthubutu lolote. Mwisho akamwita kama baba yeyote anavyomwita binti yake.

— Mama, alimwambia. — Mama yangu, nipo.

Aliendelea kumwita hivyo siku zilizofuata. Alilala amekaa. Akichoka, Tekla alipokea, naye akaenda kunawa na kurudi. Mzee Bushiri alituma chupa ya uji wa tangawizi kila asubuhi kwa mkono wa Rabson, na Rabson aliifikisha bila kusema habari yoyote ya mtandaoni. Saulo alikwenda Iyunga kumwagilia miche, akamwagilia kupita kiasi, mingine ikaoza, lakini alikwenda. Joto la mtoto lilipanda taratibu, likashuka, likapanda tena, mpaka siku moja nesi alipotazama kipima joto hakutikisa kichwa.

Esnath alihamishiwa wodi ya kawaida. Siku aliyoweza kukaa, ameegemezwa kwa mito, Jofrey aliingia na kitenge chake kifuani, akavuta kiti mpaka magoti yakagusa kitanda. Sauti ya mkewe ilikuwa kavu, kama ya mtu mwingine.

— Umekonda, Esnath akasema.

— Wewe je?

Wakatazamana. Jofrey alikuwa ameyapanga maneno yake njiani, yote yakapotea.

— Esi, lile jina, alisema.

— Jina gani?

— Ulilonitajia. Kwenye korido, ulipokuwa unaingizwa.

Esnath alikunja uso, akajaribu.

— Sikumbuki kolido, alisema. — Nakumbuka balidi tu.

— Ulinishika koti. Ukaniambia akiwa wa kike aitwe...

Akasita. Hapo ndipo hofu ilipomrudia, hofu ile ile ya kwenye bodi. Alikuwa amejipa moyo kwamba akiamka atalisema tena, na litakuwa hilo, na mambo yatakwisha. Sasa hakuna aliyekuwa nalo. Akikosea, hakuna wa kumsahihisha, si Esnath, si yeye mwenyewe.

— Selelia, alisema.

Esnath alimgeuzia uso.

— Mimi nilisema hivyo?

— Ndivyo nilivyosikia.

— Hilo jina silijui. Sijawahi kumsikia mtu anaitwa hivyo. Si tulisema Tupokigwe?

— Tulisema. Tukitaka tutarudi kwa Tupokigwe. Mama yako atafurahi.

— Labda nilikuwa nasema kitu kingine.

— Labda.

— Labda nilikuwa naogopa tu.

— Hata mimi, alisema Jofrey, akashangaa jinsi neno hilo lilivyotoka kirahisi. — Esi, mimi nilichelewa. Siku daktari aliponiita nilikaa kijiweni. Mtoto alikuwa anapoa, na mimi nimekaa nabishana habari za "r".

Esnath hakusema kwamba si kitu. Alimtazama muda mrefu, kisha akanyoosha mkono, ule wenye plasta ya dripu, akafunua ukingo wa kitenge. Mtoto alikuwa amelala, shavu limebanwa kwenye kifua cha baba yake, mdomo wazi. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona mchana, kwa macho yasiyo na usingizi wa dawa. Akamgusa sikio. Akaligusa tena kwa ncha ya kidole, kama anayelihesabu.

— Selelia, aliita, taratibu, kama mtu anayebisha hodi nyumba asiyoijua. Akangoja. Mtoto hakufungua macho, ila mkono mmoja ulijikunjua ukashika hewa, ukajikunja tena.

Esnath akapangusa uso kwa shuka. Akajisogeza juu ya mito, maumivu yakamkata, akayapisha yapite, akanyoosha mikono yote miwili.

— Umembeba vya kutosha, alisema. — Nipe Selelia.

Jofrey akafungua fundo la kitenge.